Nilimnyima Mzee Aloyce Mkono Siku ya Noeli

Ijumaa, tarehe 26 Desemba. Wingu limekalia mlima tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki. Kijiji kimejaa magari ya Dar, kila boma linanuka nyama, na mimi nimejifungia chumbani nikiwa na hasira mbaya.

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, yule aliyewaombea msamaha watu waliokuwa wakimpiga mawe. Asubuhi nimesoma somo lake mbele ya waumini kumi na wawili na paka mmoja. Sikuhubiri. Ningesema nini? Mimi ningekuwa Stefano, ningeyaokota yale mawe nikawarudishia.

Nianze mwanzo, maana wengi mnaosoma hapa hamkijui kisa.

Mzee Aloyce alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia yetu kwa miaka tisa. Mwaka jana nilimshauri apumzike, wengine nao washike. Alicheka, akanipa mkono, akaenda nyumbani kuandika barua kwa Askofu. Aliandika kwamba Padre ana mwanamke, na mwanamke huyo ni Mama Renalda, mjane aliyekuwa akifagia kanisa na kufua nguo za altareni.

Uongo mtupu. Lakini uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri na mtu mwenye mvi husomwa mara mbili.

Niliondolewa parokiani, nikakaa Moshi mjini miezi saba nikichunguzwa. Nilikuwa nasoma misa peke yangu kwenye kikanisa cha nyumba ya mapadre, nikijiitikia mwenyewe. Mama yangu mzazi aliacha kwenda jumuiya kwa aibu. Mwezi wa tisa wakaniambia sina kosa, nirudi kazini. Nikarudi, wakanipokea kwa ngoma na pombe ya mbege, na Mzee Aloyce naye alikuwepo akipiga makofi.

Tangu siku hiyo nilikuwa naisubiri Noeli.

Kwa nini Noeli? Kwa sababu Mchagga anaweza kukosa harusi, anaweza kukosa hata kazi, lakini Krismasi atapanda mlimani. Wanawe Mzee Aloyce wote wangekuwepo, wakwe zake, wajukuu wanaosoma shule za bei mbaya. Nilitaka wasikie. Niliandika homilia kurasa nne juu ya Herode, mzee aliyewachekea Mamajusi usoni huku moyoni ananoa kisu. Nilisema wapo akina Herode wanaokaa mabenchi ya mbele na kushika rozari. Nilisema kalamu nayo huua. Sikutaja jina, sikuhitaji. Kanisa zima liligeuza shingo kuelekea benchi la tatu, upande wa wanaume. Mkwewe mmoja aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kuliko asali ya nyuki wadogo.

Jana misa ilipoisha nikatoka nje na sanamu ya Mtoto Yesu mikononi ili watu wambusu kama kawaida yetu. Ndipo nikamwona Mzee Aloyce anakuja taratibu, koti lake limefungwa vifungo vyote. Alipokaribia akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la isale.

Kwa asiye wa huku: isale ni yale majani marefu tunayopanda makaburini na mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Mtu aliyekukosea akikuletea jani hilo, ukalipokea, umesamehe, na kesi imekwisha hapo hapo. Kulikataa hakuruhusiwi. Hata aliyeua ndugu yako akikuletea, unapokea. Babu zetu walilijua hilo kabla mmisionari wa kwanza hajapanda mlima huu.

Maana yake alikuja nalo kanisani. Wakati mimi natema moto juu ya Herode, jani lilikuwa kifuani kwake. Angeweza kulitupa kichakani akaenda zake kula nyama. Hakulitupa.

Nililitambua hilo pale pale, na bado nikakumbatia sanamu kwa mikono yote miwili.

"Tumsifu Yesu Kristu, Padre."

"Milele na milele, amina. Mzee, unaona mikono yangu imejaa."

Akasimama. Watu wakaja, wakambusu Mtoto Yesu, wakapita. Mtoto mwenyewe ni wa plasta, mzito, mkono wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, lakini sikumwachia wala sikumpa katekista. Robo saa nzima. Mzee wa miaka sabini na jani lake mkononi, na padre wake anajificha nyuma ya mtoto mchanga.

Watu walipoanza kunong'ona nikapata la kusema. Nilisema kwa sauti, ili wanawe wasikie: "Mzee Aloyce, umekosea mlango. Uliyemuumiza zaidi ni Mama Renalda. Mpelekee yeye kwanza. Akipokea yeye, mimi nitapokea."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, Padre kasema neno. Mama mmoja akapiga kigelegele.

Wao waliona haki. Mimi nilijua kilichomo moyoni. Baada ya barua ile, wakwe wa Mama Renalda walimtoa kwenye kihamba cha marehemu mumewe, wakamtupia vyombo barabarani. Sasa anauza ndizi sokoni Himo, amepanga chumba huko na binti yake. Ana ulimi mkali, na ana haki ya kuwa nao. Nilikuwa na hakika atamfukuza yule mzee mbele ya soko zima, wauza ndizi wote wakimzomea. Nilikuwa nimempeleka akaaibishwe mara ya pili, nami nikaenda kula mbuzi wa ndafu kwa furaha.

Leo saa tisa alasiri bodaboda imesimama mlangoni. Mzee Aloyce ameshuka, suruali imejaa matope hadi magotini, jani hana. Nikamkaribisha kwenye kiti cha barazani. Sikumpa hata maji.

"Amepokea," akasema.

Nilimwuliza mara mbili, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Amepokea, Padre. Alinisimamisha mvuani muda mrefu, akanitukana kwanza, tena vizuri tu. Halafu akanyoosha mkono. Na wanangu wameahidi, kesho kutwa tunakwenda na wazee kwa wakwe zake kusema kwamba mimi ndiye niliyesema uongo, arudishiwe kihamba chake."

Nilihisi nimenyang'anywa kitu changu, hasira yangu nzuri niliyoilea tangu mwezi wa tatu.

Akainuka kuondoka, akasema la kwangu atakata jingine. Kisha akageuka, akiwa ameshika nguzo ya baraza. "Ila kuna neno ameniambia nikufikishie. Ameuliza, na Padre naye, jani la kwake anamletea lini?"

Hakusema kwa kebehi. Laiti angekebehi.

Nimekaa hapa tangu alipoondoka. Nimejaribu kujitetea: mimi na Mama Renalda tulichafuliwa pamoja, mimi simdai wala hanidai. Lakini nilirudi parokiani mwezi wa tisa, na kutoka hapa hadi Himo ni nusu saa kwa gari. Nimepita Himo zaidi ya mara kumi nikienda mjini, na kila mara nilipandisha kioo. Sikwenda kumwona. Sikutuma mtu. Sikumtetea kwa wakwe zake, wala sikumwita arudi kwenye kazi yake ya kufagia. Niliogopa watu wakituona tumesimama pamoja watasema ile barua ilikuwa kweli. Mimi nilipokelewa kwa ngoma, yeye akaendelea kuuza ndizi, na nikaona ni sawa.

Jana nikamfanya fimbo ya kumpigia mtu mwingine.

Bado namchukia Mzee Aloyce, nisiseme uongo humu. Akiniletea jani lake nitalipokea kwa mkono, moyo utafuata ukipenda. Lakini yeye alimwangamiza yule mama kwa barua moja. Mimi nilimwacha aangamie, na sikuandika hata herufi moja.

Kesho baada ya misa nateremka Himo, sokoni, mchana kweupe, na jani la isale mkononi. Na wanitazame.