Alizima Mashine Ili Tuombe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na mgongo wake. Natumaini huo mgongo umeacha kumtisha, na kwamba wewe bado unapanda ngazi za shule yako kwa kasi ya kuwaaibisha walimu vijana. Huku kwetu hatujambo. Wifi yako ni mzima na ananitawala vizuri. Binti yetu yuko chuoni, anasoma, au ndivyo anavyotuambia. Mimi nazidi kunenepa kwa chai za waumini; kila nyumba ninayoingia kuombea, sahani inatangulia, dua inafuata.

Baada ya salamu, nisikufiche: nimekasirika. Si ile hasira yangu unayoijua, ya kufura kama kifaranga aliyelowa kisha natulia nikipewa kitu cha kutafuna. Hii imekataa kutoka. Wifi yako anasema siku hizi nikihubiri watoto wa viti vya mbele wanahamia nyuma. Jumapili niligonga mimbari hadi glasi ya maji ikaanguka, na somo lilikuwa juu ya upole.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Hapa kanisani kuna mke na mume, wote mafundi. Mke anashona nguo, mume anachomelea vyuma. Wameoana muda mrefu na hawana mtoto, nawe unajua watu wanavyomtazama mwanamke tumbo kabla ya uso. Wakaenda hospitali wote wawili, na daktari akamwambia mume kwamba tatizo liko kwake na halina dawa. Mume akamweleza mkewe, akamsihi neno hilo lisitoke nje ya chumba chao. Mke alilibeba peke yake mpaka likamlemea, akalipeleka kwenye kikundi cha maombi kama ombi la siri.

Ombi la siri kwetu ni hivi: unamnong'oneza mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja tuliyempachika jina la Tarumbeta, naye anawakusanya wenzake katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, wanaliomba kwa sauti, kwa kirefu, na kwa jina la mwenyewe. Mungu anaelezwa mambo kana kwamba alikuwa safarini na ndiyo kwanza anashusha mizigo: fulani anakaa mtaa upi, mwanawe kafukuzwa kazi gani, na aliyemponza ni nani. Zamani nilikuwa nacheka. Nilimwambia wifi yako kwamba ukitaka habari za mtaa huu usinunue gazeti, inamisha kichwa tu. Sasa sicheki.

Siku hiyo yule fundi alikuwa palepale kanisani, akitutengenezea geti. Kazi ya kujitolea, kwa vyuma vyake mwenyewe. Alikuwa nje, karibu na dirisha la kile chumba, mashine inanguruma na cheche zinaruka. Akasikia akina mama wameanza wimbo wa kufungulia maombi. Basi, dada, yule mtu akazima mashine. Akavua miwani yake myeusi, akainama, asije akawasumbua watu wanaozungumza na Mungu wao. Na katika ukimya ule alioutoa yeye mwenyewe kama sadaka, akamsikia Tarumbeta akimkumbusha Mwenyezi Mungu jina lake, kazi yake, na alichosema daktari, tena kwa chumvi juu yake. Wenzake wakaitikia amina.

Hakugombana na mtu. Alikunja nyaya zake, akapakia mashine kwenye mkokoteni, akaondoka, geti likabaki limening'inia upande mmoja kama jino bovu. Nyumbani hakurudi. Alihamia karakana yake, akawa analala juu ya maboksi katikati ya nondo.

Ingeishia hapo ningesema bahati mbaya. Lakini kikundi kikaona eti hayo ni mashambulizi ya adui, kikatuma wajumbe wakamwekee mikono. Karakanani! Mchana kweupe, wateja wamejaa! Wakamzunguka wakaanza kukemea. Vijana wa gereji ya jirani wakauliza kulikoni, na mmoja wa wale mama, kwa upendo kabisa, akawaeleza. Tangu hapo vijana hawapiti bila kumtania, eti fundi, wewe unaunga kila kitu isipokuwa kimoja. Mengine hayafai katika barua ya mchungaji.

Nikamwita Tarumbeta. Alikuja na Biblia kubwa kama tofali, akaketi, akaniuliza kosa lake nini, kwani kuomba siku hizi ni dhambi? Nikamwambia kuomba si dhambi, ila kusengenya ukiwa umefumba macho ni kusengenya vilevile. Akajibu kwamba yeye hakumwambia binadamu yeyote, alimwambia Mungu. Kama watu walikuwa karibu, hilo lake lipi? Nikamuuliza kama Mungu wake ni kiziwi. Akalia. Nikajisikia vibaya, nikamtafutia leso. Kisha nikakasirika upya, maana alipomaliza kulia alitaka tuombe, na katika ombi lake akamweleza Mungu kwamba mchungaji amepatwa na roho ya ukali, na huenda chanzo ni mambo ya nyumbani kwake.

Waliomaliza kazi ni wazee wa kanisa. Walikaa kikao, wakaamua fundi atengwe na ushirika kwa kutelekeza ndoa, na mkewe ashauriwe avumilie. Juu ya kikundi, hawakusema neno. Kiongozi wao, mtu anayeanza kusinzia nikisema tu "wapendwa", alinieleza kwamba wale mama ni nguzo za kanisa. Nikamwambia nguzo imemwangukia mtu, na ninyi mnampa mtu adhabu kwa kupita chini yake. Nikakataa kuutangaza uamuzi ule. Nikakifunga chumba cha nyuma na ufunguo nikautia mfukoni. Wamenishtaki kwa askofu kwamba nimepiga marufuku maombi. Aje. Nimemwandalia kiti, na maneno atakayoyasikia akikikalia hayatakuwa laini.

Katikati ya vita hivyo, mke wa fundi akaja kwetu. Hakumlaumu mtu. Alisema kila siku anampelekea mumewe chakula, na kila siku anakikuta mlangoni kilekile alichokiacha jana. Akamuuliza wifi yako kama lipo neno lolote duniani mwanamke anaweza kumwambia mume, naye akafungua mlango. Wifi yako akanigeukia. Nimeishi na mwanamke yule vya kutosha, nikauelewa ule mtazamo. Mgeni alipoondoka nikamuuliza ana hakika? Akasema yeye ana hakika tangu zamani, anayezungukazunguka ni mimi. Tukampigia binti yetu simu tumwombe ruhusa, kwa sababu habari ni yake kuliko yetu. Akasema, baba, unangoja nini, nenda.

Nikaenda. Fundi alinifungulia kwa sababu alidhani ni mteja. Aliponiona akasema hana haja ya kuombewa. Siri yake, akasema, alimwambia mtu mmoja. Mtu huyo akamwambia Mungu. Kumbe Mungu wetu ana kamati. Cheti changu cha theolojia, dada, hakina somo hilo. Nikamwambia sikuja kuomba, nimekuja na habari.

Sasa kama umesimama, kaa. Nilimwambia kwamba maneno yale ya daktari niliwahi kuambiwa mimi, sauti ileile ya upole, tulipokuwa kituo chetu cha kwanza mbali na nyumbani. Kwamba binti yetu tulimpokea kutoka mikononi mwa muuguzi, bado mchanga kabisa. Mama yake alifariki akimzaa, na hakuna ndugu aliyejitokeza. Tulipokuja likizo naye yuko mgongoni kwa wifi yako, ninyi mkapiga vigelegele, nami nikaviacha vipigwe. Binti mwenyewe anajua tangu alipoweza kuuliza. Wewe ndiye hukujua. Kila mara ukimwona unamshika masikio na kusema haya ni ya baba mtupu, nami nakuacha useme, kwa maana napenda kusikia.

Fundi aligeuza koleo mkononi, akaligeuza tena. Kisha akauliza swali moja tu: kwenu, nani anajua? Nikasema hakuna. Mama yetu alikwenda kaburini bila kujua. Akanitazama, mara akacheka, cheko la mtu aliyesahau namna ya kucheka, akasema basi hata mchungaji kahama kwao kwa ajili ya siri, tena amekaa huko muda mrefu kuliko yeye. Akasogeza boksi la pili, akaniambia nikae.

Tulikaa. Hatukuomba. Jioni akanawa, akafunga karakana, akaenda kwake. Sikudanganyi kwamba yamekwisha. Mkewe anasema analala ameuelekea ukuta na haongei. Lakini analala pale. Na habari yangu haijatoka kwake: siku zinapita, hakuna hata mmoja aliyenipa pole, na katika kanisa hili huo ni muujiza wa kuandikwa.

Swali lake ndilo lililonikalisha mezani. Nilitaka siku nyingine nikiulizwa nani anajua, niweze kusema: dada yangu. Ukinikasirikia, una haki. Mimi hasira yangu sijaimaliza, tutakasirika pamoja kila mtu upande wake.

Binti atakuja kwako likizo hii kama kawaida. Anajua nimekuandikia, na ameniambia akishuka kwenye basi atakutazama usoni kwanza, kabla ya kushusha mzigo. Kwa hiyo nakuomba, shangazi mtu, siku hiyo usijifanye mpole. Mpokee kwa kelele zako zote. Na umshike masikio.

Msalimie shemeji, umwambie asiiname. Wifi yako anakusalimu, amesoma barua hii na kuniondolea matusi mawili.

Ni mimi mdogo wako,
Mchungaji mwenye ufunguo mfukoni