Mawe Yaliyomtoa Baba Yako Kitandani

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona? Mke wako na mtoto wanaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Goti langu tu linanisumbua ninapokanyaga cherehani, nalo nimeshalizoea.

Barua yako nimeisoma, na ule mpango wa kuacha kazi urudi kumwangalia baba yako nimeuelewa. Ni kweli, tangu kiwanda kifungwe na mafundi mitambo warudishwe nyumbani, kaka yangu alikuwa mtu wa kulala akitazama ukuta. Chakula anasukuma pembeni, mgeni akija anajifanya amesinzia. Mimi dada yake nilibembeleza, nikagomba, nikalia. Wapi! Lakini tiketi usikate kwanza. Nisome mpaka mwisho, maana shangazi yako leo ana mambo.

Zile picha ulizonitumia za mawe yaliyong'arishwa zilinitia wazimu. Nikataka na mimi niwe na mawe yangu yanayong'aa vile. Nikaenda kuulizia mashine yake, pipa dogo tu linalozunguka na mawe ndani. Mwenye duka aliponitajia bei nikamwuliza kama ni pamoja na duka.

Ebo! Mtu mzima nishindwe na pipa? Nikachukua kopo la rangi, nikalivisha kwa ndani mpira wa baiskeli uliotoboka ili kelele zipungue. Mota nikaing'oa kwenye ile cherehani yangu ya umeme iliyokufa, mota yenyewe bado nzima. Mawe nayaokota bure kwa wajenzi wanaochekecha mchanga, maana wao huyatupa. Unga mkali wa kusugulia nikapewa na fundi wa sakafu za terazo, mabaki ya mfuko wake, na ule laini wa kumalizia nikaupata kwa mkata vioo, nikamlipa kwa kumpunguzia suruali. Na ili mawe yasigongane yakapasuka, nikayachanganya na vifungo vya plastiki vya mashati. Vifungo ninavyo debe zima!

Kopo likazunguka, mwanangu. Majirani wakasema cherehani imenipanda kichwani. Nikawaacha waseme.

Kisha nikafanya kioja. Mawe yakishasagana hubaki tope zito la kijivu, nami lile tope nikalimwaga kwenye karo la uani. Kumbe likitulia linaganda kama saruji! Kulipokucha maji machafu yamefurika mpaka mlangoni kwa mama mwenye nyumba. Alifoka mama yule, we! Ama mashine itoke, ama nitoke nayo. Nikasimama katikati ya maji na fagio mkononi, nayasukuma nayo yanarudi.

Ndipo mlango wa baba yako ukafunguka. Akatoka na fulana yake, akatutazama, akakunja suruali, akaomba spana. Yeye mwenyewe! Akalala kifudifudi kwenye uchafu ule, akafungua bomba, akalitoa tope vipande vipande, huku mama mwenye nyumba akimsogezea ndoo, kufoka ameshasahau. Nilitaka kupiga vigelegele nikajiziba mdomo, nikaogopa nitamshtua arudi ndani.

Hakurudi. Aliponawa alikwenda moja kwa moja kwenye mashine yangu, akaikagua kwa dharau.

"Nani amekufundisha kufunga mkanda namna hii?"

Nilifurahi kutukanwa, usiniulize. Akasema kopo linakimbia mno, mawe yanarushwa tu badala ya kusuguana. Akaokoteza gurudumu kubwa zaidi, akalifunga, mwendo ukatulia. Tope sasa tunalimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Mama mwenye nyumba ameridhia, ila anadai hereni za mawe, na atazipata.

Na yametoka, mwanangu! Yanang'aa utadhani yamelowa, ukiyashika ni makavu. Nimekufungia moja kwenye kitambaa, lile la rangi ya asali. Baba yako ndiye aliyelichagua baada ya kuyakataa mengine yote kwa kasoro ambazo mimi hata sizioni. Siku hizi anakula na kuongeza, mpaka nimebadili sufuria.

Kwa hiyo kazi yako usiiache. Likizo ikifika njoo, lakini uje kutembea, si kuuguza.

Hasara imebaki kwangu. Starehe yangu nimenyang'anywa mchana kweupe. Nikigusa kopo naambiwa niondoe mikono nirudi kwenye pindo zangu.

Msalimie sana mke wako, na mjukuu wangu umbusu mashavu yote mawili. Dada zako mapacha wanakusalimu, na mkata vioo pia, tangu suruali imkae vizuri hakauki hapa. Mungu awafunike huko mliko, awatangulie mkitoka na mkirudi.

Nimempitia baba yako sasa hivi nikamwuliza kama ana salamu. Hata kichwa hakuinua.

"Mwambie mwanangu baba yake yuko kazini."

Akupendaye bila kipimo,
Shangazi yako