Hadithi Ambayo Sikuiiba

Namakwekwe, Mbale
14 Julai 1956

Mpendwa Mjomba Sebit,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mama Hasifa, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kiwe kimetulia. Sisi hatujambo. Mume wangu Mafabi hainuki kwenye cherehani, maana Idi imekaribia na kila mtu anataka kanzu mpya. Watoto wanakula vizuri na kugombana vizuri.

Mjomba, kuna jambo limenipata, na sina mtu wa kumweleza ila wewe.

Unajua ninasoma darasa la jioni la akina mama. Mwalimu wetu ni Bwana Wamboga. Gazeti moja la Kampala liliomba hadithi kutoka kwa wasomaji, naye akatuambia tujaribu. Nikaandika habari ya mjane aliyepeleka mlango wa nyumba yake kuuzwa soko la Nakaloke, kisha akamkataa kila mnunuzi. Nilimkabidhi mwalimu hadithi hiyo kwa furaha.

Jumatatu iliyofuata alisimama nayo mbele ya darasa. Akasema, "Kulusumu, hii si yako. Hii ni kalamu ya Mwinyikai Bakari wa Mombasa. Nchi nzima inamjua." Nikamwambia mimi simjui. Akasema watu wa namna hiyo ndio wanaotia darasa aibu. Wenzangu wakatazama chini. Kuitwa mwizi wa kitu ulichokitoa moyoni mwako, Mjomba, ni uchungu wa peke yake.

Nilikwisha kujitanda leso niondoke. Ila Cissy, rafiki yangu anayeuza ndizi, akasimama akasema polepole, "Bwana mwalimu, mpe kichwa kingine cha hadithi aandike hapa hapa, sote tukimtazama."

Bwana Wamboga akataka habari ya mvua. Nikaandika habari ya siku tuliyomzika mama, jinsi mvua ilivyotutangulia makaburini. Akaisoma kimya, akairudia. Kisha akavua miwani.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nimekukosea mbele ya watu, na mbele yao nakuomba radhi."

Kesho yake akaniletea kitabu cha huyo Mwinyikai nijionee mwenyewe. Nilifungua ukurasa wa kwanza jikoni, na nikasikia sauti yako. Kadhi na yule kiziwi, ndugu waliogawana kisima, zote zimo, zile ulizotuhadithia nyumbani kwako Masese baada ya chakula, mimi na Hasifa tukigombea paja la Mama Hasifa. Hata ule mtindo wako wa kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho umo kitabuni. Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya kunichukua unilee ulikuwa askari huko Mombasa.

Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, na ugali ukaungua. Miaka yote hii nilidhani hadithi zile ni za kwako. Sikulaumu, Mjomba. Ulimgawia ulichokuwa nacho mtoto yatima ambaye hakutaka kusema na mtu.

Bwana Wamboga alinishauri nibadili namna ya kuandika, watu wasije wakasema tena. Nimejaribu wiki nzima. Mafabi akasoma, akanirudishia karatasi. "Maneno ni mazuri," akasema, "lakini wewe hupo humu." Basi nimeacha. Sauti ni hiyo niliyolelewa nayo, na mjane wangu hayumo katika kitabu cha mtu.

Hadithi ile ya mjane tuliyoipeleka gazetini imekubaliwa, itachapwa mwezi ujao. Gazeti limeniuliza nilisomea shule gani, wapate kuandika chini ya jina langu. Nimewajibu: kwa mjomba wangu Sebit, Masese. Kama hupendi, niambie mapema.

Nisalimie sana Mama Hasifa, Hasifa na mumewe huko Buwenge, na jirani yetu Akeyo. Mafabi anakusalimu, kanzu yako ya Idi inakuja kwa basi. Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu, na nyumba yako isikose mtu wa kuisikiliza sauti yako.

Mimi nikupendaye kama baba,
Kulusumu