Breki Ngumu ya Fabrice

Carine,

Mama yako yuko hospitali. Nimerudi kuchukua vitenge vyake tu. Epua maharagwe, funga mbuzi.

Asubuhi nilimpeleka sokoni kwa gari, mimi mwenyewe. Unajua nilivyojifunza: kwa zile pedali za mchezo wa kompyuta wa mbio za magari alizotuma kaka yako Fabrice. Breki yake ni ngumu, ukanyage mpaka goti liume. Kumbe ya gari ni laini. Kuku alivuka, nikakanyaga kama nilivyozoea. Mama yako akagonga kioo kwa kichwa.

"Mzee, hii masomo yako itaniua," akasema. Kisha akanyamaza.

~~Usimwambie Fabrice.~~ Mpigie simu.

Njoo upesi. Mama yako nikimwita mimi haitiki. Labda sauti yako ataisikia.

Baba yako