Ng'ombe Mwenye Kofia na Buti

Jumatatu, 3 Februari 1975

Leo nimechoma kamongo mwenye tai. Nilimchora asubuhi, mkutanoni, nyuma ya stensili iliyoharibika. Wazo lilitoka kwa yule bwana wa stoo. Alilala mdomo wazi wakati hotuba ya kilimo inasomwa, na midomo yake ikawa inachezacheza kama samaki kamongo aliyefukuliwa matopeni. Nikampa tai. Nikampa na kalamu nyuma ya sikio, ingawa kamongo hana sikio.

Dada Eufrasia wa mashine ya taipu aliona. Akacheka puani. Akaninong'oneza kwamba siku moja mikono yangu itanirudisha kwetu Butiama kulima mihogo.

Nikatoka nyuma ya choo, nikamchoma.

Wiki iliyopita nilichora kiti kilichomkalia mtu. Hicho nacho nilikichoma. Kwa nini nachora kama nitachoma tu? Sijui. Mkono unaanza kabla yangu. Na mimi bado ni karani wa muda hapa ofisi ya kilimo na mifugo. Mwezi wa nne ndipo watasema kama nathibitishwa au narudi nyumbani. Mtu wa muda hachori wakubwa.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda misa. Bosi wetu, Bwana Stanislausi, alitaka nimsindikize Suguti kupeleka dawa ya kuogeshea mifugo. Dawa ya vijiji. Tuliishusha nyumbani kwake. Sikuuliza. Dereva Wambura naye hakuuliza — aliimba tu, kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno.

Nilikaa kwenye gogo nje ya zizi kuwasubiri. Mchungaji wake wa ng'ombe alikuwa ananawa. Alivua kofia akaitundika — wapi? — kwenye pembe ya ng'ombe! Ng'ombe akatulia kama mtu aliyevishwa na mkewe. Buti za mpira zilikuwa chini yake, zinakauka. Basi mkono ukaanza.

Ng'ombe mwekundu, mkanda mweupe tumboni, pembe ya kushoto imeanguka mbele ya jicho. Kofia juu. Buti miguu yote minne. Na ndama wake ananyonya, nikamfunga kitambaa shingoni, kama mtoto anayelishwa hotelini. Nilicheka peke yangu. Siku nyingi sijacheka.

Jumatano, 12 Februari

Hofu, kisha sifa. Sijui kipi kibaya zaidi.

Sikumchoma yule ng'ombe. Nilimkunja nikamtupa kapuni, mvivu mimi. Bwana Stanislausi alipita akitafuta bahasha yake, akamkuta. Akaniita.

Alikuwa anacheka! Machozi kabisa. Akasema hiki ndicho kitu cha kuwaambia wananchi, wamechoka na maandishi matupu. Nimkatie stensili, chini niandike: ZIZI LA PAMOJA NI NGUVU YETU. Bango liende kila kijiji, Kiriba mpaka Bunda.

Hakumtambua ng'ombe wake mwenyewe. Ameketi karibu naye kila Jumapili! Lakini yeye anawajua ng'ombe wake kwa hesabu, hawajui kwa sura. Nikasema ndiyo mzee, asante mzee.

Stensili imekubali. Nimemkata vizuri kuliko alivyokuwa kwenye karatasi. Jicho, pembe, mkanda, hata mikato ya sikio. Baba alinifundisha kuchora ng'ombe mchangani kwa kijiti, na alianzaga na sikio. Bila sikio, anasema, huyo ni picha ya duka.

Ijumaa, 21 Februari

Mabango yamebandikwa. Wambura ametoka Bunda, anasema pale Kabasa, kwenye ghala la pamba, watu wamejaa mbele ya bango kama kuna mnada. Wanacheka? Mwanzoni walicheka, anasema. Baadaye wanawake wakasogea, wakanyamaza.

Wakanyamaza kwa nini?

Akawasha sigara. Akasema, "We mura, kijana, kwenu kuna ng'ombe au hakuna?"

Jumanne, 25 Februari

Siwezi kula.

Saa tatu hivi aliingia mama mmoja, mtu mzima, miguu ina vumbi la barabara. Anaitwa Nyamburi, mjane, kutoka Kabasa. Alifungua pindo la kanga, akatoa bango langu. Alilikunja vizuri, kama mtu anavyokunja nguo ya kanisani. Akauliza nani amechora. Dada Eufrasia akanionyesha kwa kidevu.

Nilidhani atagomba. Alinisalimia. Akauliza habari za kwetu, za baba, za mvua. Ndipo akaweka kidole kwenye pembe.

"Huyu ni Pazia. Pembe imefunika jicho, ndiyo maana tunamwitaga Pazia. Na hili sikio ni alama ya mume wangu. Mikato miwili mbele, mmoja nyuma. Hakuna mwingine Kabasa mzima."

Nikasema ni mchoro tu, mama. Wa kuchekesha.

Akasema ndiyo, kofia inachekesha.

Akanieleza. Walipohamishiwa kijijini, kamati ilimchukua Pazia kwa ajili ya zizi la pamoja. Alikuwa na mimba. Baada ya wiki chache wakamwambia amekufa kwa ndigana, na amezikwa kwa sababu ya ugonjwa. Ngozi hakuonyeshwa. Alilia, akanyamaza. Lakini huyo ng'ombe alikuwa ameshatajwa kuwa mahari kwa wakwe wa mwanawe Keraryo. Wakwe hawakukataa, walingoja. Sasa wamechoka. Kuna mtu wa Kiriba amefika kwao na ng'ombe wanaotembea.

"Sasa mwanangu, aliyekufa na mimba amezaaje?" Kidole kikashuka kwa ndama. "Huyu ni dume au jike?"

Nikasema, "Jike."

Hivyo tu. Limetoka lenyewe. Kama mtu anayeulizwa jina lake!

Dada Eufrasia aliacha kupiga taipu. Mama Nyamburi alinitazama muda mrefu, wala hakufurahi. Akasema, "Kumbe mzima." Akakunja bango, akaaga watu wote, mmoja mmoja, akaondoka.

Hakuniuliza nilimwona wapi. Aliona sura yangu, akanihurumia. Hilo ndilo linaniuma.

Jumatano, 26 Februari

Bwana Stanislausi alifunga mlango. Amenikaribisha chai. Sijawahi kunywa chai chumbani kwake.

Anasema Kabasa wamechafuka. Sasa kila mtu ambaye ng'ombe wake "alikufa" anataka kuonyeshwa kaburi. Jumamosi atakwenda mwenyewe kufanya baraza. Mimi nitakwenda naye. Nitasimama niseme nilinakili ng'ombe huyo kutoka kitabu cha mifugo cha Wazungu.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, kwamba ng'ombe wa Wazungu hawana mikato ya sikio.

"Mikato gani?" Akachukua bango, akalitazama. Kwa mara ya kwanza alilitazama. Nikaona uso wake unabadilika pole pole. Akaliweka chini.

"Kijana, unachora vizuri," akasema. "Vizuri kupita kiasi. Kazi ya mwezi wa nne unaitaka?"

Ndiyo mzee.

"Basi nani alikutuma utazame masikio?"

Nilimaliza chai. Nilimshukuru! Nimetoka pale nikiwa nimemshukuru.

Alhamisi, 27 Februari

Wambura ameniambia akiwa chini ya gari, bila kutoa kichwa. Jana jioni alitumwa Suguti na ujumbe. Pazia atachinjwa Jumapili asubuhi. Wageni watakuja, wataambiwa ni sikukuu ya familia. Nikauliza, na ndama? Akasema ndama hajui kula majani bado, nifikirie mwenyewe.

Nikamwambia, wewe ndiye umeona, wewe useme.

Akatoka chini ya gari. Mikono imejaa grisi. "Mimi nina watoto sita na leseni. Wewe una nini?"

Nina cheti cha Darasa la Kumi na Mbili. Nina mwandiko mzuri. Nina baba aliyeuza fahali ili nikae kwenye meza hii, na kila mwisho wa mwezi anawaambia watu wa Butiama mwanangu anafanya kazi ya serikali. Anasema "ya serikali" akiwa ameinua kidevu.

Nimejaribu kuchora ili nitulie. Nilichora birika lenye miguu ya askari — wazo ni birika la chai ya jana. Halikuchekesha. Nililitazama tu.

Ijumaa, 28 Februari

Dada Eufrasia amenikuta peke yangu. Ananiambia niseme kitabu cha Wazungu, yaishe. Mama yule ni mzee, amezoea kupoteza. Kisha akasema: hata kwao Kabasa, ng'ombe wa shangazi yake alikufa kwa ndigana. Ngozi hawakuonyeshwa.

Nikamuuliza basi nifanyeje.

Akaanza kupiga taipu. Alipiga kwa nguvu sana, na hakukuwa na karatasi kwenye mashine.

Nimefua shati.

Jumamosi, 1 Machi, Kabasa

Naandika nikiwa ndani ya gari. Mvua imekatisha baraza. Watu wamejibana ukutani kwenye ghala la pamba, hakuna aliyeondoka. Sijawahi kuona baraza ambalo mvua haikulitawanya.

Tulianza saa nne. Bwana Stanislausi aliongea vizuri. Anajuaga kuongea. Alisema ng'ombe wote wa Afrika ni ndugu, wanafanana, na karani wake ni kijana wa kuchezea kalamu. Watu walicheka kidogo. Kisha akaniita.

Nilisimama. Nilisema nilichoambiwa. Nilisema "kitabu cha mifugo". Nilisema yote.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja mbele akauliza kwa upole, "Kitabu hicho kinajuaje alama ya marehemu mume wa Nyamburi?" Mwingine nyuma akadakia: "Labda marehemu alisomea Ulaya!" Hapo walicheka kweli. Walicheka mpaka Bwana Stanislausi naye akacheka, kisha akaacha.

Nyamburi hakucheka. Keraryo alikuwa amesimama nyuma yake, kijana mrefu, amevaa shati lililopigwa pasi. Amejiandaa kama mtu anayekwenda ukweni. Hakunitazama hata mara moja.

Ndipo bosi akapata wazo. Alilipata pale pale, niliona linavyomjia, na alifurahi nalo. Ubao wa shule uletwe, na chaki. Karani atachora ng'ombe mbele ya wananchi wote. Ng'ombe yeyote, wa kichwani tu. Wataona kwamba ng'ombe wake wote ni huyo huyo mmoja. Fujo itaisha. "Au sivyo, kijana?"

Nikasema ndivyo, mzee.

Ubao ukaletwa. Mvua ikashuka.

Sasa nimekaa hapa na nimefikiri, na naona kitu ambacho yeye hakioni. Nikichora sikio zima, hawa watajua nadanganya, maana Kabasa hakuna sikio zima, na mkono wangu haujawahi kulichora. Nikichora mkato, ni mkato wa nani? Wamekaa pale wenye mikato yote. Nikiweka mitatu nyuma, atasimama mtu aseme ni wake, alikufa kwa ndigana, nimemwona wapi. Nikiweka mmoja mbele, atasimama mwingine. Hakuna ng'ombe ninayeweza kumchora pale asiye na mwenyewe.

Amedhani ananipa njia ya kutokea.

Wambura yupo kwenye usukani. Amesema bila kugeuka kwamba tanki limejaa, na Suguti kwa barabara hii mtu anafika kabla ya giza, kabla ya kisu cha kesho. Sijui aliniambia mimi au alijiambia mwenyewe.

Nyamburi amekuja dirishani chini ya mvua. Ameleta viazi vitamu kwenye sahani ya bati, amevifunika na kanga yake, yeye mwenyewe kichwa kinalowa. Akasema, "Kula mwanangu, tangu asubuhi hujala." Nikataka kusema samahani, mama. Nikasema asante. Akasema viazi vya mwaka huu vina nyuzi, nitafune pole pole.

Amerudi ukutani.

Mvua inapungua. Mtu anafuta ubao kwa mkono wa shati. Bwana Stanislausi amesimama karibu nao, anatabasamu, ananipungia niende. Wanasogea. Wanawake wamekaa mbele kabisa, chini, kwenye matope, na wanawavuta watoto pembeni ili wote waone. Keraryo ameinua kichwa. Sasa ananitazama.

Bosi ananiita tena, kwa jina langu la kwanza, kama rafiki: Renatus! Nashuka. Kiazi kiko mdomoni bado — chaki ameishika yeye, ananinyooshea, na mkono unajua unaanza na sikio —