Kitufe cha Kurudia

Jumatatu, 5 Julai 1999

Imekuja! Kompyuta! Imeshushwa saa nne asubuhi kutoka kwenye gari la mradi wa takwimu za afya, imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Kituo kizima cha Tumaini Jipya kilisimama kuitazama. Hata wagonjwa wa meno waliacha kushika mashavu. Masudi mlinzi kaniuliza kama ni kweli mashine hizi zitachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia. Nikamwambia itoke kwanza kwenye boksi.

Mtaalamu wa mradi anaitwa Ndugu Batholomeo. Kijana, viatu vinang'aa, havijaonja bado vumbi la Ipagala. Ametueleza kwamba kuanzia sasa kila ugonjwa una namba, dunia nzima namba moja. Malaria B54. Kuhara A09. Kupigwa teke na ng'ombe — W55! Kuna mtu alikaa mezani akafikiria na ng'ombe wetu! Nimecheka mpaka muuguzi wetu Mama Emiliana kanikata jicho.

Sasa lenyewe: Ijumaa ya tarehe 23 anakuja kutupima. Wagonjwa wote wa asubuhi hiyo waingie kwenye mashine, kila mmoja na namba yake, kabla ya saa sita kamili. Anayeandika "homa" tu bila kusema homa gani, amekosa. Tukifaulu, mashine inabaki na mimi naajiriwa kuwa karani wake. Mimi, Loisi, kibarua wa masijala ambaye mkataba wake unaisha tarehe 31! Tukishindwa, inahamia kituo cha Miyuji. Mimi nahamia kwa mama, kupalilia zabibu.

Jumatano, 7 Julai 1999

Sabasaba. Watu wote wako uwanjani, mimi niko kazini kwa hiari yangu. Upepo wa leo! Vumbi linapita hata chini ya mlango, nimeifunika mashine kwa kanga yangu mpya. Nimeandika jina langu mara thelathini. Kidole kimoja, lakini kidole chenye nia.

Ijumaa, 9 Julai 1999

Nimemfundisha Mama Emiliana. Au nimejaribu. Yeye ndiye muuguzi mkuu, na tangu tabibu aende masomoni ndiye anayeona wagonjwa wote. Miaka ishirini na sita kazini. Mimi mwenyewe alinipokea mikononi mwake nilipozaliwa, hakosi kunikumbusha. Leo namwambia "bonyeza hapa, mama" na yeye anaibonyeza kibodi kama anaua kunguni.

Tatizo letu si vidole, ni dito. Mgonjwa wa kwanza akiwa na malaria, Mama anaandika malaria. Wa pili mwenye homa anawekewa vialama viwili, maana yake kama hapo juu. Wa tatu hivyo hivyo, mpaka chini ya ukurasa. Nimemwambia kwa adabu kwamba mashine haijui "kama hapo juu." Akasema foleni ya watu hamsini nayo haijui adabu.

Na foleni ilikuwepo kweli. Kuna mama mmoja mjamzito, Ruthu, katoka Chilonje kwa miguu tangu alfajiri. Katusalimu kwa Kigogo, "mbukwenyi," kwa sauti ya chini, akaketi sakafuni maana benchi limejaa. Homa. Hakupimwa damu, Geofrey wa maabara alikuwa amezidiwa. Dito. Klorokwini, nyumbani.

Jumanne, 13 Julai 1999

Aibu! Ndugu Batholomeo kapita ghafla, kafungua rejista. Ukurasa mzima vialama, kama nzi wametembea na wino miguuni. Akauliza mbele ya wagonjwa: hawa wote thelathini na moja ni mtu mmoja? Mama Emiliana akaondoka kwenda kuchemsha sindano ambazo zilikwisha kuchemshwa.

Nilimwonea huruma. Kidogo. Nilimwonea hasira pia, niseme ukweli, kwa sababu ajira yangu imelala kwenye vile vialama. Baadaye nilimfuata nikamwambia jambo moja ambalo nalijutia. Nilisema: "Mama, watu si fotokopi." Akasema sawa, mwanangu.

Jumamosi, 17 Julai 1999

Siku ya ajabu! Nimegundua kitu!

Ndugu Batholomeo ametuagiza kuingiza rejista yote ya nyuma, kuanzia Juni, kama mazoezi. Mamia ya wagonjwa! Nilikuwa nalia moyoni. Kisha kidole kikateleza kikagusa F6 — namba ya mgonjwa aliyetangulia ikajirudia yenyewe kwenye kisanduku! B54. Nikagusa tena. B54. Kitufe kimoja tu! Saa tatu nilikuwa naingiza wagonjwa kumi kwa saa, saa saba naingiza sitini. Nilicheza pale pale kwenye kiti. Geofrey kaja kuuliza kama nimepata barua ya ajira. Nikamwambia bado, ila naisikia ikija.

Jumatano, 21 Julai 1999

Mama Emiliana amebadilika, siamini macho yangu. Dito hakuna tena! Kila mgonjwa anaandikiwa jina la ugonjwa wake, herufi kwa herufi. Anauliza, anasikiliza, anampeleka kwa Geofrey. Wiki nzima hii ndiyo hivyo.

Ila sasa anakwenda polepole kupita kiasi. Jaribio la leo tumemaliza saa saba kasoro. Mwendo wa kinyonga! Nimemwomba aharakishe Ijumaa, Ijumaa moja tu, baada ya hapo asikilize watu mpaka wachoke kusema. Kasema: si ninyi mlinifundisha? Lakini sikosi cha kufanya. Yeye achelewe, mimi nitafidia na F6 yangu.

Alhamisi, 22 Julai 1999

Kesho. Gauni limepigwa pasi. Siwezi kula. Mama yangu kanisindikiza kwa maneno matatu: usiwaaibishe wazee wako. Hayo ni manne? Hata kuhesabu nimeshindwa!

Ijumaa, 23 Julai 1999

Saa sita kasoro dakika kumi na nane. Naandika hapa hapa kwenye meza ya mashine. Ndugu Batholomeo yuko nje anakunywa chai, saa yake ameiacha juu ya kompyuta, inanitazama.

Niandike haraka. Tulianza vizuri mno! Saa mbili hadi saa tano wagonjwa thelathini na sita, wote ndani. Vidole sita sasa, si kimoja! Mama Emiliana anaita, mimi naandika. Mtoto wa masikio, H66. Mzee wa vikope, A71. Hata ng'ombe kaja! Kijana wa Nkuhungu kapigwa teke, na mimi nikapiga W55 huku natamani kumkumbatia.

Kisha foleni ya homa. Mama akazidi kuchelewa, mimi nikaanza kutangulia. Ya kwanza nikaandika B54; kadi nyingine ikifika mezani imeandikwa homa, F6. Nyingine, F6. Ndugu Batholomeo alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kadi ya arobaini: Ruthu, yule mjamzito wa Chilonje. Nikaandika jina na mashine ikanionyesha mahudhurio yake yote, moja chini ya jingine, kitu ambacho rejista haiwezi kufanya hata siku moja. 30 Juni, B54. 9 Julai, B54. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya F6. Mama Emiliana alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, ngoja.

Akauliza: hii ya tarehe tisa, nani kasema ni malaria?

Nikasema rejista.

Rejista ilikuwa na dito, akasema, naikumbuka, niliiweka mimi. Hii namba kaiweka nani?

Akauliza tena, kwa upole, kitufe hiki ninachokibonyeza sana kinafanya nini. Nikamweleza. Hakunisema. Ningefurahi angenisema. Akasema tu: "Kumbe na yenyewe ina vialama, mwanangu."

Kisha akachuchumaa mbele ya Ruthu wakaongea Kigogo. Homa inakuja siku nne, inaondoka wiki, inarudi. Mara tatu sasa. Nyumba ni tembe la udongo, analala chini, asubuhi anaamka na alama za kung'atwa. Papasi! Wale kupe wa kwenye nyufa za sakafu. Homa ya papasi ina namba yake, A68, nimeikariri mwenyewe wiki mbili zilizopita na sijaitumia hata mara moja. Mama anasema homa hiyo hutoa mimba, na klorokwini haiigusi. Tumbo la Ruthu ni la miezi saba. Tumemrudisha nyumbani mara mbili.

Mama kamtoa damu mwenyewe. Kioo chenye tone la damu kiko kwa Geofrey, kimelowekwa rangi ili vijidudu vionekane. Geofrey anasema rangi haiharakishwi.

Mashine hainiruhusu kwenda kwa mgonjwa mwingine mpaka kisanduku hiki kijazwe. Kinawaka, kinazimika. Nyuma ya Ruthu wako wanne, wepesi kabisa, dakika mbili mbili. F6 moja tu na tumefaulu. Hakuna atakayejua. Hata namba si lazima iwe ya uongo, huenda kweli ni malaria!

Na wale wengine? Juni nzima, Julai nzima, wote niliowapiga F6 nikicheza kwenye kiti?

Kasoro kumi na moja. Ndugu Batholomeo kachungulia, kauliza kuna nini, mbona mikono imesimama. Mama Emiliana akamjibu: tunamsubiri mgonjwa. Hajapata kuniunga mkono hivyo mbele ya mtu.

Kasoro tisa. Ruthu ameegemea ukuta, Mama amemshika kiganja. Rangi imeoshwa. Geofrey ameinamia hadubini. Upepo tu kwenye bati.

Kasoro saba. Kitufe kiko pale pale. Ndiyo maana naandika na kuandika, mkono wenye kalamu hauwezi kubonyeza kitu.

Kasoro sita. Geofrey anasogeza kioo pole pole. Amesimama. Anasema Loisi, vijidudu hivi si vya malaria, njoo na wewe uone, uje na Mama, na —