Mbaazi za Baba Ursula

Jumanne, 6 Machi 1984

Foleni ya mafuta ya kula tangu saa kumi na mbili asubuhi. Darasa la Tatu nimewaacha wakariri jedwali peke yao — Mungu anisamehe, na mwalimu mkuu pia. Nyuma yangu mwanamke wa Maisaka na binti mgongoni, katoka kuugua surua, miguu njiti tupu. Aliniomba nimshikie mtoto afunge khanga vizuri. Mtoto akanikamata sikio, akalala hapo hapo begani! Basi nikampisha mama yake mbele yangu. Akapata nusu lita. Mimi kufika dirishani, yamekwisha. Theodory muuzaji akafunga: rudi Ijumaa, Mwalimu.

Sikukasirika. Bega bado lina joto la yule mtoto. Ujinga wangu huo.

Jumatano, 7 Machi

Majivu. Damasi karudi kanisani na alama yake kwenye paji, akatangaza: nyama hapana mpaka Pasaka. Nyama ipi, mume wangu? Ya mwisho tuliila Krismasi, na ilikuwa mifupa. Anataka mchuzi wa mbaazi, wenye kitunguu cha kukaanga, Mwalimu, siyo cha kuchemsha. Nikikaange na mate?

Nimezichemsha na chumvi. Kala hivyo hivyo.

Miaka sita ya ndoa, na yeye pia ananiita Mwalimu. Wenzangu wote ni Mama Fulani. Mimi sina mtoto, basi nina cheo.

Alhamisi, 8 Machi

Damasi kaenda Bonga, kuhesabu magunia ghalani. Kila Alhamisi Bonga kuna magunia. Alibeba mbaazi za jana kwenye kopo lake la mfuniko. Limerudi limeoshwa, linang'aa. Mwanamume gani anaosha kopo?

Nimeloweka mbaazi nyingine.

Ijumaa, 9 Machi

Niandike taratibu.

Nilikuwa wa nne kwenye foleni. Theodory akafungua daftari la kaya, kidole kikashuka mpaka jina la Damasi, kikasimama.

"Mwalimu, mbona kwenu mmeshachukua?"

Nilicheka! Nikamwambia akapimwe macho. Akanigeuzia daftari. Damasi, kaya ya watu watatu. Watatu! Kwetu tuko wawili. Pembeni dole gumba la wino, tarehe ya Jumanne.

"Si amechukua Mama Ursula," akasema. "Yule uliyempisha. Uliyembebea mtoto."

Nikamuuliza Mama Ursula ni nani kwa Damasi. Theodory ni mgeni hapa, katoka Sigino mwezi uliopita. Alinitazama kwa huruma. Alidhani mimi ni dada yake Damasi, yaani Baba Ursula.

Dada yake!

Sikulia dukani. Nililia njiani, na kofia ya ukindu nimeivuta mpaka puani, na wanafunzi wawili wakaniamkia, shikamoo Mwalimu, nikaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilimbeba begani mtoto wa mume wangu. Nikampisha mama yake akachukue mafuta yangu. Namchukia Damasi. Namchukia huyo mwanamke, sijui hata kama alinijua. Mtoto nimejaribu kumchukia, nimeshindwa.

Damasi kaja, kauliza mafuta. Nimesema yamekwisha. Akasema nchi hii! Akatikisa kichwa.

Jumamosi, 10 Machi, mchana

Nimepika. Nilitaka apate kile alichoomba, asiwe na pa kunilaumu.

Kitunguu nilikiweka kwenye sufuria kavu, nikakinyunyizia maji kijiko kwa kijiko, nikikoroga mpaka kikawa cha kahawia. Nyanya mbili. Binzari ya mwisho, ile niliyofunga kwenye karatasi tangu Krismasi. Karanga nilizitwanga muda mrefu, mpaka zikatoa mafuta yake zenyewe. Mbaazi juu yake. Mchuzi mzito, wa manjano, unanukia mpaka kwa jirani. Inaniudhi ulivyokuwa mtamu.

Nikatenga na ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Nikamnawisha mikono. Nikasema:

"Karibu chakula, Baba Ursula."

Tonge likasimama njiani. Nilihesabu mpaka saba. Halafu akalila.

Hakuuliza nani kaniambia. Hakukana. Nimechukua daftari hili, nimekaa mbele yake naandika, yeye anakula kichwa chini. Naona utosi wake. Hajauliza naandika nini.

Amemaliza. Amefuta sahani kwa tonge la mwisho. Haijawahi kutokea.

Sasa anatazama sufuria. Anauliza, kwa sauti ndogo, kama mchuzi umebaki. Anasema tangu surua mtoto anatapika kila kitu, mbaazi tu ndizo zinakaa tumboni. Jana hakula kabisa.

Kumbe mbaazi zilikuwa za nani! Kwaresima yote hiyo, majivu yote hayo!

Nimemwambia aende yeye akapike huko, nusu lita yangu si wanayo. Anasema wameiuza. Wamenunua dawa.

Umebaki. Nauona kutoka hapa, wa kutosha mtoto mmoja.

Ameinuka. Amerudi na kopo, ameliweka mezani, karibu na kalamu yangu. Mfuniko ameufungua mwenyewe. Amesimama tu, mikono nyuma, kama mtoto wa Darasa la Tatu.

Upawa ninao mimi.